Nafasi Mbili Katika Mtumbwi

Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, kazi ya kwanza nyumbani kwetu ilikuwa kuvuta tangi la petroli kutoka chini ya kitanda changu. Lilikuwa tangi dogo la chuma, la motere ya mtumbwi wa mume wangu Isaïe. Binti yetu Exaucée, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliliweka ndani ya beseni, mimi nikalifunika kwa majani ya sombe, yaani kisamvu, naye akajitwisha kichwani na kushuka mpaka libongo, pale mitumbwi inapofungwa kando ya mto. Askari wa bariere, kizuizi cha njiani, waliona mtoto wa kike anapeleka sombe sokoni. Walimwacha apite.

Mkishangaa kwamba mtoto alibebeshwa petroli kichwani, mjue huo ulikuwa mwaka wa 2000, na mji wetu wa Kisangani ulikuwa mikononi mwa askari wa nchi mbili jirani. Walikuja pamoja kama marafiki, kisha wakageukiana. Mwezi wa tano walikuwa wamekwisha kupigana mara moja katikati ya nyumba zetu. Motere yetu ilikuwa nzee na nzito, imefungwa kwa mnyororo, hakuna aliyeitamani. Lakini petroli ikiachwa ndani ya mtumbwi, haikulala; iliibwa usiku uleule.

Juu ya kifuniko cha tangi kulikuwa na tundu dogo lenye skrubu. Isaïe aliliita pua.

“Ukibeba, funga pua, petroli isikumwangikie ku macho,” alimfundisha Exaucée. “Ukifika, fungua pua, tangi ipumue. Tangi isipopumua, motere inakufa.”

Na kila asubuhi, kabla ya kuvuta kamba ya motere, aliuliza neno moja tu: “Pua?”

“Nimefungua, papa.”

Isaïe hakuinama kuangalia. Tangi lilibaki ndani ya beseni, chini ya sombe, ili hata katikati ya mto lisionekane. Yeye aliunganisha mpira wa petroli tu, akaondoka na abiria wake.

Wakati huo tulikuwa tunajiandaa kukimbia. Mama mkwe wangu alikuwa Yanonge, mbali upande wa chini wa mto, na kule hakukuwa na mizinga. Isaïe alitaka kwanza aiandae motere vizuri kwa safari ile ndefu. Aliyeitengeneza siku zote ni rafiki yake Benoît, fundi wa mtaa wa Tshopo, ambaye watoto wangu walimwita tonton, yaani mjomba. Wakati ule hakuna aliyekuwa na kitu cha kumlipa mwenzake, kwa hiyo walipatana hivi: Benoît atasafisha motere, na siku ya kuondoka yeye na mke wake Germaine watakuwa na nafasi mbili katika mtumbwi wetu. Walishikana mikono mbele yangu.

Haya ninayoyasema sasa niliyajua baadaye. Siku moja Exaucée alifika libongo mapema. Aliifungua ile skrubu, akaitoa kabisa, akaifunga kwenye ncha ya kitambaa chake. Wenzake walikuwa wanacheza nzango kwenye mchanga, wanaruka na kupiga makofi, naye akaingia. Alipomaliza kuruka, ncha ya kitambaa ilikuwa wazi. Alitafuta mchangani mpaka kucha zikauma. Skrubu haikuonekana.

Wiki ileile nilikuwa nimempiga fimbo kwa sababu ya sufuria iliyovunjika mkono. Nilikuwa nimemwambia, “Ukipoteza kitu kingine katika nyumba hii, utalala nje na askari.” Ndivyo nilivyosema. Basi mtoto alichukua kipande cha kwanga, mkate wa muhogo, alichopewa kula, akakikanda kwa masizi ya chungu mpaka kikawa cheusi, akakisokomeza ndani ya tundu. Ukikitazama kwa mbali, ni skrubu. Kilipokauka, kilikuwa kigumu kama jiwe.

“Pua?” aliuliza baba yake kesho yake.

“Nimefungua, papa.”

Hakujua ni uongo mkubwa kiasi gani. Maneno ya tangi kupumua aliyachukua kama mzaha wa baba yake; yeye alifikiri skrubu ile ni ya kuzuia petroli isimwagike, basi.

Motere iliwaka kwa mvuto wa kwanza, ikakimbia vizuri kama dakika kumi. Kisha sauti ikashuka. Ikaanza kukohoa, nguvu ikapungua, ikazimika katikati ya mto na abiria ndani. Isaïe alibonyeza pampu ya mpira iliyo kwenye mpira wa petroli. Ilibaki imebonyea, haikutaka kurudi. Alisubiri, akavuta kamba, motere ikawaka, ikaenda mwendo mfupi, ikafa tena. Walimaliza kwa makasia, mama mmoja akimtukana njia nzima.

Siku iliyofuata ikawa vilevile, na ya tatu pia. Isaïe aliangalia elisi, ile inayozunguka majini, aone kama majani ya mtoni yameizonga. Ilikuwa safi. Alitoa buji, zile zinazotoa cheche, akazisugua, akazirudisha. Bure. Ndipo akaenda kumgombeza Kahambu, aliyetuuzia petroli kwa chupa.

“Umetia maji ndani!”

Kahambu alicheka mpaka akashika kiuno. “Papa Isaïe, petroli yangu, nyani akiikunywa atakimbia mpaka Bafwasende bila kupumzika! Angalia motere yako. Iko na miaka ya babu yako.”

Benoît alikuja. Aliondoa kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, akaenda nayo nyumbani kwake jioni moja, akaiosha, akairudisha asubuhi. Kisha akaifunga motere kwenye pipa la maji pale libongo, akatundika chupa ya petroli juu ya mti na kuiunganisha kwa mpira. Motere ililia nusu saa nzima bila kukohoa. Watu walipiga makofi.

“Bon,” alisema Benoît akifuta mikono. “Motere haiko na ugonjwa. Ugonjwa uko mu njia ya petroli. Nani anashugulikaka na tangi?”

“Ni miye, tonton,” alisema Exaucée.

“Pua unafunguaka?”

“Ndiyo, tonton.”

“Leteni hiyo tangi niione.”

Hapo niliingilia mimi. Tangi lilikuwa nyumbani, na siku ile askari wa bariere walikuwa wamelewa. Nilisema mtoto hapiti mara mbili. Benoît alimtazama Exaucée tena.

“Kweli unafunguaka?”

“Kweli, tonton.”

“Mutoto wangu hasemi uongo,” alisema Isaïe kwa ukali.

Na mimi mwenyewe, jioni ile, nilikifungua kile kifuniko ili nitie petroli. Nilikishika mkononi. Sikukiangalia.

Kesho yake motere ilizimika palepale ilipozoea kuzimika. Isaïe alirudi kwa kasia, jasho likimtiririka, akamkuta Benoît ameketi na wapiga makasia pale libongo.

“Benoît. Kabureta yangu ulilala nayo kwako.”

“Ndiyo, nililala nayo. Niliosha, nikarudisha. Wewe mwenyewe ulipokea.”

“Ulirudisha ya nani?”

Benoît alisimama polepole.

“Isaïe, uko unanitafutia nini?”

“Minakuuliza yangu iko wapi! Iko ku motere ya nani sasa? Ku pipa ilienda nusu saa, ku mto dakika kumi. Kumbe uliwachezea watu teatre, maigizo tu!”

“Ah! Tonton Benoît iko anazalisha kabureta kwake, kama kuku!” alisema mpiga kasia mmoja, na wengine wakacheka.

Benoît hakucheka. “Miaka kumi na ine minakufungulia hii motere. Leo niko mwizi?”

“Mwizi,” alisema Isaïe. “Na ku pirogi yangu, mutumbwi huu, mwizi hapande.”

Exaucée alikuwa pale, amekwisha kujitwisha beseni ili arudishe tangi nyumbani. Aliniambia baadaye kwamba neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini kulikuwa na watu wengi, na baba yake alikuwa na hasira, na nyumbani kulikuwa na mimi na fimbo yangu. Alilimeza. Kuanzia siku ile hakuna aliyempa Benoît motere atengeneze. Ukimwita mtu mwizi pale libongo, hata watu wa ng’ambo wanalala wamejua.

Hatukuondoka kwenda Yanonge. Utapandaje na watoto kwenye safari ndefu, na motere inayokufa kila dakika kumi, mbele ya bunduki zilizopangwa kando ya mto? Tulisema tungoje mpaka ipone. Tulingoja. Kila asubuhi Isaïe aliuliza, kila asubuhi mtoto alijibu.

Jumatatu, tarehe tano ya mwezi wa sita, mizinga ilianza. Sikuwahi kusikia ardhi ikipigwa vile. Nilimfunga mdogo wetu Timothée mgongoni, Exaucée akajitwisha beseni, hata bila sombe, tukakimbia. Isaïe alikuwa amekwisha kufungua mnyororo.

Benoît na Germaine walikuwa pale. Benoît alikuwa na furushi moja na mfuko wake wa spana.

“Isaïe,” alisema, “mambo ya kabureta tutaongea Yanonge. Minakuomba. Kama si miye, chukua bibi yangu huyu.”

“Siendi bila wewe,” alisema Germaine.

Isaïe hakumtazama. “Nilisema neno yangu mbele ya watu.”

“Isaïe, kuna nafasi,” nilisema. Nilisema mara moja, na kwa sauti ndogo. Ningeweza kupiga kelele. Niliona mtumbwi, niliona watoto wangu ndani, nikanyamaza.

“Pua?” aliuliza Isaïe.

“Nimefungua, papa.”

Tukaondoka. Benoît alibaki amesimama na furushi lake, akitusindikiza kwa macho.

Dakika kumi. Tulikuwa tumefika pale ambapo mto unasukuma mitumbwi kuelekea ukingo, na kwenye ukingo ule askari walikuwa wanakimbia na bunduki. Motere ikakohoa. Ikashuka. Ikazimika. Isaïe alivuta kamba mara tano, mara sita. Mkondo ulitubeba upande wa bunduki. Kitu kilipita juu yetu kikipiga mluzi, maji yakaruka.

“Pampu! Bonyeza pampu!”

Nilibonyeza. Ilikuwa bapa kama kitambaa.

Hapo Exaucée akapiga ukelele ambao sijausahau. “Papa! Pua! Sikufungua! Iko na kwanga ndani!”

“Nini?”

“Nilipoteza skrubu! Nilitia kwanga!”

Isaïe aliruka juu ya furushi letu, akakifungua kile kifuniko. Tulisikia tangi likivuta hewa, fyuu, kama mtu aliyetolewa majini. Tangi lilikuwa halipumui. Petroli ilikuwa inanyonywa na hakuna hewa ya kuingia mahali pake, basi baada ya dakika kumi haikutoka tena. Isaïe alikitoboa kile kipande cha kwanga kwa ncha ya kisu. Kazi ya kuhesabu mpaka tatu. Alivuta kamba, motere ikanguruma, na mtumbwi ukaukata mkondo kama siku ulipokuwa mpya.

Hakuna aliyefurahi. Isaïe alikuwa anatazama nyuma.

“Benoît,” alisema. “Minarudi.”

Akaanza kugeuza. Nilimrukia, nikaushika mkono wa motere kwa mikono yangu miwili.

“Isaïe! Uko na watoto!”

Tulitazamana. Kule libongo tulikotoka moshi ulikuwa unapanda. Hakugeuza. Mimi ndiye niliyemzuia, na siwezi kuwaambia ninyi kwamba ningefanya vingine. Ninawaambia tu nilivyofanya.

Motere ilienda mpaka Yanonge bila kusimama hata mara moja.

Kule hakuna aliyempiga Exaucée. Ingekuwa afadhali kwake, nadhani. Alikaa nyuma ya nyumba ya bibi yake siku sita, na kwa siku sita upepo ulituletea mngurumo kutoka mjini. Alipoletewa chakula aliuliza, “Tonton Benoît alipata pirogi ingine?” Tulimjibu kwamba hatujui. Siku ya saba kukawa kimya, na watu wakaanza kuteremka na habari.

Siku ya tatu ya vita hakukuwa na maji Tshopo. Benoît alitoka na bidoni, dumu la maji, kwenda kuchota mtoni. Bomu lilimkuta njiani.

Tulirudi Kisangani baada ya wiki nyingi. Nyumba yetu ilikuwa na tundu kwenye paa, lakini ilisimama. Kabla ya kufagia, Isaïe alituambia tuvae vizuri, tukaenda kwa Germaine, yeye, mimi na Exaucée. Alikuwa amenyolewa kwa msiba, ameketi kwenye kizingiti. Hakutupa kiti.

Isaïe alianza kusema juu ya vita, na askari, na mkondo wa mto. Germaine alimkatiza.

“Mambo ya vita minajua, nilikuwa mule. Sema ile ya kabureta.”

Isaïe alisema yote. Alisema kwamba kabureta ilikuwa ileile yake, kwamba Benoît hakuiba kitu, kwamba yeye alimwita mwizi bila kuona kwa macho. Exaucée alisema ya skrubu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alisema, hata ya nzango, hata ya masizi.

Germaine alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Hapa mumeniambia miye, na miye nilijua mume wangu si mwizi. Mulimwitia mwizi wapi?”

“Libongo,” alisema Isaïe.

“Alors, basi, mutaenda kusemea libongo. Mbele ya walewale walicheka.”

Ndivyo ilivyo kwetu watu wa mto. Neno lililosemwa mbele ya watu haliondolewi chumbani. Siku ya Jumamosi, siku mitumbwi ya soko inapofika, Isaïe alisimama pale kwenye mchanga, akavua kofia, akaita watu. Alisema kwa sauti kubwa kwamba Benoît, fundi wa Tshopo, hakuwahi kuiba. Yule mpiga kasia wa utani wa kuku alitazama miguu yake mwenyewe. Kahambu naye alikuwa pale na chupa zake, na safari hii hakuwa na la kuchekesha.

Kisha Exaucée akasimama mbele ya watu wazima wote wale. Aliishika mikono kwa nyuma.

“Ni miye nilifunga tangi,” alisema. “Tonton aliniuliza mara mbili. Nilimwambia kweli ninafungua. Alinisadiki.”

Akalia, na hakuna aliyemnyamazisha. Germaine aliyekuwa ameketi juu ya bidoni aliinuka, akamwendea, akamshika kidevu amtazame.

“Mutoto, sikia. Ulipoteza kachuma kadogo. Ungesema siku ile, mama yako angekupiga fimbo mbili, baba yako angechonga kijiti, na jioni mungekula chakula. Hukusema. Kesho yake ulisema ‘ndiyo’, na baba yako akagombana na muuza petroli. Ukasema ‘ndiyo’ tena, na mume wangu akakuwa mwizi. Kila ‘ndiyo’ yako ilitafuta mutu mwingine wa kuibeba. Haukubeba wewe. Unaelewa?”

“Minaelewa, mama.”

“Na ninyi wakubwa.” Alitugeukia. “Isaïe, ulisadiki hasira yako kupita rafiki yako wa miaka kumi na ine. Na wewe, Mama Exaucée, mutoto aliogopa fimbo yako kupita kufa ku mto. Uende ufikiri juu ya hiyo.”

Ninafikiri juu yake mpaka leo. Ndiyo maana ninaandika, mimi niliyeishia darasa la sita, ili ninyi mnaosoma msingoje kama sisi tulivyongoja. Ukipoteza, sema. Ukivunja, sema. Sema siku hiyohiyo, hata kama unaogopa, na kama mkubwa ana fimbo mkononi, sema hivyohivyo. Fimbo inaisha kuuma.

Exaucée alijifuta uso. “Mama Germaine, unanisamehe?”

Germaine alimwachia kidevu. Nyuma yake wapiga makasia walikuwa wameanza tena kupakia magunia, lakini polepole, bila kuitana.

“Leo nilikuja kwa ajili ya jina ya mume wangu,” alisema. “Imesafishwa, nimesikia, na watu wamesikia. Lakini ile ulisema leo ilikuwa ya Benoît. Ilipaswa kumufikia angali na masikio. Ile ingine unaniomba, ya kusamehe, ngoja. Labda siku moja.”

Aliokota bidoni lake, akalijaza maji mtoni, akajitwisha, akapanda njia ya kurudi Tshopo. Exaucée alitaka kumkimbilia amsaidie kubeba. Nilimshika bega. Nilimwambia aombe ruhusa kwanza.

Akaita, “Mama Germaine, nikubebee?”

Germaine hakugeuka, wala hakusema hapana. Exaucée alimfuata, hatua chache nyuma yake, mpaka nikaacha kuwaona.